Kwa nini Waneandathali walitoweka: jinsi ya kulipima swali kwa kamba, maharage na dadu

Swali hili hujibiwa haraka mno. Mmoja atasema baridi iliwamaliza, mwingine atasema sisi ndio tuliowaua, wa tatu atasema akili zao zilikuwa fupi. Kila mmoja ana mfupa wa kuonyesha au habari aliyoisoma mahali. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mlezi wa klabu ya sayansi au mzazi anayetaka vijana wayapime majibu hayo kwa mikono yao wenyewe. Vipindi vitatu vya dakika 40 vinatosha, na vifaa vyote vinapatikana dukani.

Kwanza wajue tunamzungumzia nani. Mwaka 1856 wachimba chokaa katika bonde la Neander, karibu na Düsseldorf nchini Ujerumani, walitoa pangoni mifupa ya mtu mwenye fuvu refu, la chini, lenye matuta makubwa juu ya macho. Mwaka 1864 mwanajiolojia William King akawapa watu wa aina hiyo jina la Homo neanderthalensis. Waliishi kuanzia Hispania hadi milima ya Altai huko Siberia, na kusini hadi Mashariki ya Kati. Barani Afrika hakujapatikana hata mfupa wao mmoja. Wakati wao wakiishi huko, mababu zetu sisi, Homo sapiens, walikuwa wakiishi huku.

Vifaa: kamba ya katani mita 5, vibanio vya nguo 12, futi ya fundi cherehani, kikombe kimoja cha maharage makavu, vikombe vidogo 12, dadu 6, uzi mwembamba mwekundu, na daftari.

Kamba ya miaka

Tandika kamba sakafuni au ifunge ukutani. Sentimita 1 ni miaka 1,000. Ncha ya kulia ni leo, yaani 0. Pima kwenda kushoto, na kila mahali palipotajwa hapa weka kibanio chenye karatasi:

430: Sima de los Huesos, Hispania, mababu wa mwanzo wa Waneandathali.
300: Jebel Irhoud, Moroko, mifupa ya kale kuliko yote inayohesabiwa kuwa ya Homo sapiens.
230: Omo Kibish, Ethiopia, Homo sapiens.
210: Apidima, Ugiriki, fuvu ambalo watafiti wengi, ingawa si wote, wanaliona ni la Homo sapiens.
176: Bruniquel, Ufaransa, ambako Waneandathali walivunja mawe yanayoota sakafuni mwa pango na kuyapanga kwa duara, ndani kabisa ambako mwanga wa jua haufiki.
120 hadi 90: Skhul na Qafzeh, Israeli, Homo sapiens.
78: Panga ya Saidi, Kilifi, mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa kwa uangalifu, kichwa chake kikiwa kimewekwa juu ya kitu kama mto.
54: pango la Mandrin, Ufaransa, jino la mtoto wa Homo sapiens.
45: Bacho Kiro huko Bulgaria na Ranis huko Ujerumani, Homo sapiens.
40: Waneandathali wa mwisho wenye tarehe za kuaminika.
4.6: Piramidi Kuu ya Giza, Misri.

Usifunge mafundo badala ya vibanio. Fundo moja hula sentimita moja au mbili za kamba, na hiyo ni miaka 1,000 hadi 2,000. Ukifunga kumi, tarehe zote za kushoto zimeshahama. Kamba ya nailoni nayo huvutika, ndiyo maana tumetaja katani. Na kila kipimo kianzie kwenye 0. Wanaopima kutoka kibanio kimoja hadi kinachofuata hujikusanyia makosa madogo madogo, na wakifika 430 wamepotea kwa sentimita tano au zaidi.

Kibanio cha Bruniquel kinastahili dakika chache. Miaka 176,000 iliyopita hakuna dalili kwamba Ulaya ilikuwa na mtu mwingine wa kuwafundisha Waneandathali, na hakuna aingiaye gizani kiasi kile bila moto mkononi na jambo kichwani. Waache vijana wakitazame kabla hamjafika kwenye madai ya akili.

Kisha waambie waweke kidole kwenye 45 na kingine kwenye 40. Kipande hicho cha sentimita 5 ndicho kinachobishaniwa, kwani ndipo sehemu kubwa ya wakati ambao Homo sapiens na Waneandathali waliishi pamoja barani Ulaya. Kinaonekana kifupi, lakini ni kirefu kuliko umbali wa kutoka Piramidi hadi leo. Tukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hapo pana vizazi 200. Neno "walivamiwa" linaanza kupwaya. Uvamizi wa vizazi 200 hakuna mtu mmoja aliyeuona.

Kuisafisha tarehe kabla ya kuiamini

Nusu ya ubishi kuhusu Waneandathali ulitokana na tarehe mbovu. Vitabu vya zamani viliwapa uhai hadi miaka 30,000 iliyopita, hata pungufu, na hadithi nyingi za kuishi bega kwa bega na sisi kwa miaka elfu kumi zilijengwa juu ya tarehe hizo.

Mifupa ya umri huu hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai, ambayo kiumbe akishakufa nusu yake huisha kila miaka 5,730. Mfupa wa miaka 40,000 umepita nusu saba, kwa hiyo kilichobaki ni kama sehemu 1 kati ya 126 ya kaboni 14 ya mwanzo, yaani pungufu ya 1%. Sasa chukulia kwamba katika kaboni yote ya sampuli, asilimia 1 ni ya kisasa: jasho la mikono, mizizi, au gundi ya makumbusho. Uchafu huo mdogo una kaboni 14 nyingi kuliko mfupa wenyewe. Mashine itasoma miaka kama 33,000. Miaka 7,000 imepotea, na hakuna aliyedanganya.

Hayo yalitokea kweli. Mifupa ya Waneandathali wa pango la Spy, Ubelgiji, ilikuwa imepewa tarehe changa zilizowafanya waonekane wa mwisho katika eneo lile. Ilipochunguzwa upya, na matokeo kutolewa mwaka 2021, mfupa mmoja wa bega ulikutwa umejaa DNA ya ng'ombe. Gundi iliyotumika kuuhifadhi ilikuwa imetengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe. Baadhi ya tarehe za Spy zilikuwa changa kwa hadi miaka 10,000, na Waneandathali wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya sasa wanawekwa mwisho wao kati ya miaka 44,200 na 40,600 iliyopita. Miaka saba kabla, mwaka 2014, kazi kubwa iliyopima upya maeneo 40 kutoka Urusi hadi Hispania kwa kuchuja kolajeni, yaani protini ya mfupa, vizuri zaidi ilikuwa imetoa jibu la Ulaya nzima: kati ya 41,000 na 39,000.

Kila mara kijana anapoleta tarehe, mwulize mambo manne. Kilichopimwa ni mfupa wa mtu mwenyewe, au ni mkaa uliokutwa karibu naye? Wanyama wachimbaji huhamisha mkaa kutoka tabaka moja hadi jingine. Tarehe ni ghafi au imesahihishwa kwa kalenda? Miaka ghafi 35,000 ya kaboni husogea hadi karibu 40,000 ikisahihishwa, na ukichanganya aina hizi mbili kwenye kamba moja utawaua Waneandathali mara mbili. Sampuli ilisafishwaje? Na ilipimwa lini: kabla ya mbinu mpya za usafishaji au baadaye? Tarehe isiyo na majibu haya ibaki daftarini. Isipande kwenye kamba.

Maswali manne kwa kila dai

Andika ubaoni madai yote ambayo darasa linayajua, hata yale ya ajabu. Kisha kila dai lipitishwe kwenye maswali haya: Je, jambo hilo lilikuwepo wakati huo na mahali hapo? Je, liliwahi kutokea kabla bila kuwamaliza? Kwa nini liwamalize wao na lituache sisi? Lingeacha alama gani, na alama hiyo imeonekana?

Anza na baridi, maana ndilo dai linalopendwa zaidi. Swali la kwanza linapita: hali ya hewa ya Ulaya ilikuwa ikigeuka ghafla kipindi chote hicho, na kati ya miaka 40,000 na 38,000 iliyopita ulikuwepo wakati mkali wa baridi na ukavu. Swali la pili ndilo linaloliangusha. Rudi kwenye kamba, onyesha kutoka 190 hadi 130. Zilikuwa nyakati za barafu kuu, na Waneandathali walizivuka. La tatu linaliangusha zaidi, kwa kuwa Homo sapiens waliofika Ulaya mababu zao walitoka nchi za jua. Hata hivyo usilifute dai la baridi. Baridi hupunguza wanyama wa kuwinda, hupunguza watu, na huwagawa waliobaki katika mabonde yasiyofikiana. Liandike pembeni kama "msaidizi", utalihitaji kwenye maharage.

Volkano: karibu miaka 40,000 iliyopita eneo la Campi Flegrei, jirani na Napoli, lililipuka kwa nguvu kubwa na majivu yake yakafika hadi Urusi. Lakini majivu hayo yalikwenda mashariki, ilhali Waneandathali wengi wa mwisho tunaowajua walikuwa magharibi. Na penye majivu hayo katikati na mashariki mwa Ulaya, mabadiliko kutoka zana za Waneandathali kwenda zana za Homo sapiens hukutwa yamekwisha kutokea chini yake. Ukitaka kumlaumu mlipuko, umechelewa.

Akili ndilo dai la kushughulikia kwa makini, kwa sababu lina historia mbaya. Mwaka 1908 mifupa ya mzee mmoja ilipatikana La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa. Marcellin Boule, mtaalamu wa mifupa ya kale, akaichora kama ya kiumbe aliyeinama, magoti yamekunjika, nusu mnyama. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa viungo na meno mengi yalikuwa yamemtoka. Picha ya mgonjwa mmoja ikageuzwa kuwa picha ya watu wote, na ikakaa vitabuni kwa miongo. Ubongo wa Waneandathali ulikuwa na ujazo wa wastani wa karibu sentimita za ujazo 1,500, hauzidiwi na wetu. Walitengeneza gundi kwa kuyapasha moto magome ya betula, mti wa nchi za baridi, ili kushikiza mawe kwenye mipini. Huko Krapina, Kroatia, walikusanya kucha za tai na kuziachia alama za kukata miaka 130,000 iliyopita. Mtu mzima wa Shanidar, Iraki, aliyepewa namba 1, aliumia vibaya upande wa jicho, mkono wake mmoja ukadhoofu, lakini aliishi miaka mingi baada ya majeraha hayo. Mtu wa namna hiyo haishi bila kutunzwa. Ubongo unaweza kuwa ulifanya kazi tofauti na wetu, hilo linachunguzwa bado, lakini dai la upumbavu linaangukia swali la nne: alama zilizopo zinasema kinyume.

Silaha bora? Rudi Mandrin. Homo sapiens walifika pale miaka 54,000 iliyopita wakiwa na ncha ndogo za mawe, nyepesi kiasi kwamba zinaelekea kuwa za mishale. Wakakaa kwa muda mfupi, wakatoweka, na Waneandathali wakarudi kuishi pangoni humo. Mshale haukuwasaidia.

Mauaji ya jumla hayana mahali hata pamoja pa kuyathibitisha. Kuna ubavu wa Shanidar namba 3 wenye alama inayowezekana kuwa ya mkuki, basi. Magonjwa yaandikwe kwenye safu ya "haijapimika", kwani mengi hayaachi alama mfupani. Chakula: walikula nyama nyingi kweli, lakini Gibraltar walikula kome wa baharini na Shanidar walipika mimea, kwa hiyo usikubali sentensi ya "walijua nyama tu".

Baada ya zoezi hili ubao huwa na madai mengi yaliyokwaruzwa na wasaidizi watatu au wanne. Darasa hukasirika kidogo. Hapo ndipo maharage yanapoingia.

Mchezo wa maharage

Punje moja ni mwanamke mtu mzima. Wanaume hatuwahesabu, si kwa dharau, bali kwa sababu ukubwa wa kizazi kijacho hutegemea mabinti wangapi wanafikia umri wa kuzaa. Kila kikombe ni kikundi kimoja katika bonde moja. Weka punje 5. Idadi hiyo haikubuniwa: DNA ya Waneandathali wa pango la Chagyrskaya, Siberia, iliyochapishwa mwaka 2022, inaonyesha jamii ya watu kama 10 hadi 20. Walimo baba na binti yake wa umri wa ujana, na inaelekea wanawake wengi walikuwa wametoka vikundi vingine.

Kwa kila punje, rusha dadu mara moja. Ikitoka 1 au 2, hakuacha binti aliyekua. 3 au 4, binti mmoja. 5 au 6, mabinti wawili. Weka punje za mabinti kando, na punje ya mama iondoke. Ukimaliza kikombe chote, mabinti ndio kizazi kipya. Rudia vizazi 10. Andika idadi ya kila kizazi.

Kosa linaloharibu mchezo mara nyingi ni kumwacha mama kikombeni. Ukiona kikombe kimefika punje 40 kwenye kizazi cha tatu au cha nne, ndilo hilo, anza upya. Kosa la pili ni huruma. Kijana akiwa na punje moja na dadu ikatoka 1, atataka kurusha tena. Mkatalie kabisa, maana jibu lote la mchezo limo katika marusho hayo. La tatu ni kuridhika na kikombe kimoja. Gawa darasa katika jozi 6, kila jozi dadu moja na vikombe viwili, upate vikombe 12.

Angalia kanuni tena: kwa wastani kila mwanamke anaacha binti mmoja. Hakuna baridi, hakuna adui, hakuna upungufu wowote. Hata hivyo, ukikokotoa uwezekano, kikombe cha punje 5 kina nafasi ya 32% ya kuwa kitupu ndani ya vizazi 10. Katika vikombe 12 tegemea vinne hivi, ingawa viwili au sita si ajabu. Jaribu kikombe cha punje 20 kwa kanuni ile ile: nafasi ya kwisha inashuka hadi karibu 1%. Na vizazi 10 ni miaka 250, robo ya sentimita kwenye kamba yako.

Duru ya pili, weka kikomo na ujirani. Kila bonde lina chakula cha wanawake 10 tu. Punje zinazozidi zinaondolewa. Vikombe 6 vibaki vimefungwa, yaani visipokee wala kutoa punje. Vingine 6 vipangwe kwa duara, na kila mwisho wa kizazi kikombe chenye punje 2 au pungufu, hata kama ni kitupu, kipewe punje 2 na jirani wa kulia au kushoto mwenye 8 au zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugawaji hauongezi punje hata moja, unahamisha tu. Lakini upande wa duara bonde lililokauka hupata watu tena, upande uliofungwa kikombe kikishakwisha kimekwisha. Msaada ukitolewa kabla ya kuhesabu na kuandika, daftari halitaonyesha bonde lililowahi kukauka, kwa hiyo andika kwanza ndipo ugawe.

Duru ya tatu, vikombe vyote vifungwe, ondoa kikomo, badili kitu kimoja tu: 6 sasa inaleta binti mmoja badala ya wawili. Nafasi ya kikombe cha punje 5 kwisha ndani ya vizazi 10 inapanda kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili. Waeleze wazi kwamba upungufu huo ni mkubwa kuliko unaohitajika katika historia halisi. Tumeukuza ili uonekane katika kipindi kimoja.

Kuna jambo ambalo mchezo huu hauonyeshi, nalo ni kuzaana kwa ndugu. Ongeza kwa mdomo. Mwanamke wa Kineandathali wa Altai alizaliwa na wazazi walio ndugu wa karibu kama kaka na dada wa mzazi mmoja. El Sidrón, Hispania, mifupa ya watu wasiopungua 13 ina kasoro nyingi za kuzaliwa nazo ambazo huenda pamoja na ndoa za ndani. Na yule wa Mandrin aliyepewa jina la Thorin, ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2024, ukoo wake ulikaa kama miaka 50,000 bila kuchanganyika na koo nyingine za Waneandathali. Pima miaka hiyo kwenye kamba: nusu mita. Majirani walikuwepo, ila hawakuoana.

Hesabu ya kalamu

Sasa waache dadu, wachukue kikokotoo cha simu. Chukulia Waneandathali 10,000 wanaopungua kwa 1% kila kizazi. Baada ya vizazi 200, yaani ile miaka 5,000 kati ya vidole viwili, wamebaki 1,340. Baada ya vizazi 400 wamebaki 180. Ukiweka 2%, vizazi 200 vinatosha kuwafikisha 176, na 400 vinabakiza watu 3.

Wakokotoe kwa kuzidisha 0.99 kwa nafsi yake mara 200, si kutoa 1% ya 10,000 mara 200. Anayetoa atawamaliza wote kwenye kizazi cha 100 na kudhani amegundua kitu.

Kisha washushe hesabu hiyo kijijini. Jamii ya watu 100 inayopungua kwa 1% kila kizazi inapoteza mtu mmoja katika miaka 25. Bibi hawezi kuiona tofauti hiyo kati ya utoto wake na wa wajukuu zake. Hakuna aliyejua kwamba watu wake wanakwisha. Na ikishafika vikundi vya wanawake watano watano, kile kikombe cha kwanza kinachukua usukani: mwaka mmoja wa theluji nyingi, vijana wawili waliokufa windoni, na bonde ni tupu.

Wale wasaidizi ulioandika pembeni wana kazi sasa. Baridi ilivitenga vikombe. Homo sapiens waliochukua bonde la katikati waliwakata majirani wasifikiane, hata kama hawakurusha mkuki. Tukiulizwa sisi tunaegemea wapi, ni hapa: uchache na utengano ndivyo viliwamaliza, na mengine yote yalipitia humo.

Kwa nini basi sisi tulibaki

Si kwamba kila kundi letu lilibaki. Apidima kwenye 210 halina mwendelezo. Skhul na Qafzeh walipotea, na baada yao Waneandathali wakaishi eneo lile lile. Watu wa Ranis na mtu wa Oase, Romania, hawana wazao wanaotambulika kati ya Wazungu wa leo. Vikombe vyetu pia vilikwisha, tena vingi. Tofauti ni kwamba nyuma yake palikuwa na Afrika, yenye watu wengi zaidi, iliyoweza kujaza tena.

Na watu hao walishikana. Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, miaka zaidi ya 295,000 iliyopita walikuwa wakitumia obsidiani, kioo cheusi cha volkano, iliyotoka kilomita 25 hadi 50, mara nyingine 95. Baadaye zikaja shanga za ganda la yai la mbuni, zinazopatikana Enkapune ya Muto karibu na Naivasha na Mumba kando ya Ziwa Eyasi. Watafiti walipopima shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 na kuchapisha matokeo mwaka 2022, walikuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa Afrika Mashariki na wa Kusini, waliotengana kwa zaidi ya kilomita 3,000, walitengeneza shanga za mtindo mmoja. Baadaye mawasiliano hayo yalikatika. Kwa Waneandathali, mawe mengi ya zana zao yalitoka kilomita chache tu kutoka walipoishi.

Zoezi lake ni fupi. Kila kijana aandike: ukame ukikausha kila kitu hapa, nyumbani kwenu mtakimbilia kwa nani? Apime kilomita kwenye ramani. Halafu afute kila jina lililo zaidi ya kilomita 20. Wasiandike marafiki wa mtandaoni. Waandike watu watakaowafungulia mlango na kuwapa chakula.

Uzi mwekundu

Kwenye 40 usiandike "mwisho". Funga uzi mwekundu kwenye 47, uambatishe na kamba hadi 0. Kati ya miaka 50,500 na 43,500 iliyopita mababu wa watu wote wasio Waafrika walizaa na Waneandathali, na leo karibu 2% ya jenomu yao ni urithi huo. Svante Pääbo, mtafiti wa DNA ya kale, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi iliyofungua mlango huu. Vipande hivyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ukiviokota kutoka kwa watu wengi unaweza kuunganisha angalau moja ya tano ya jenomu ya Kineandathali.

Vijana watauliza, "Na sisi?" Jibu lipo. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kiasi cha 0.3% hivi katika jamii za Kiafrika, ambacho sehemu yake ilirudi na watu waliotoka Ulaya na Asia. Mtu wa mwambao mwenye mababu wa Uajemi au Arabuni pia amepokea kupitia kwao.

Mtu wa Oase alikuwa na babu au bibi wa Kineandathali vizazi vinne hadi sita tu nyuma yake. Lakini Waneandathali watano wa mwisho mwisho ambao jenomu zao zilichapishwa mwaka 2018, wakiwemo wa Spy na wa pango la Vindija, Kroatia, hawana dalili ya damu ya karibu ya Homo sapiens. Watoto tunaowajua walilelewa upande wetu. Kwenye maharage, hilo ni kikombe kinachotoa punje kwa jirani na hakirudishiwi. Ukiwa na dakika kumi zimebaki, cheza duru hiyo: punje moja itoke kila kizazi cha tatu katika kikombe cha watano, na uandike kinafika kizazi cha ngapi.